Mafua ya Jenerali

Mgeni alipiga hodi, akakaribishwa, akakataa kuingia.

"Karibu ndani," Jenerali alirudia, akidhani hakusikika. Lingekuwa jambo la ajabu, maana mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya sauti yake.

"Ahsante mama, shikamoo. Siingii kwanza. Naomba maji kwenye beseni na sabuni ya unga."

"Marahaba. Unataka kufua?"

"Nataka kuosha viatu."

Alikuwa msichana mwembamba, kisanduku cha plastiki mkono mmoja, mkono wa pili mfuko ambao mabuti ya mpira yalichungulia mdomoni mwake. Jenerali alimpima kuanzia kichwani mpaka miguuni. Wageni walishamwomba maji ya kunywa, na mmoja aliwahi kuomba ya kuoga, lakini wa kuomba sabuni kabla ya kusema ametoka wapi alikuwa hajamwona.

"Mimi ni daktari wa mifugo," mgeni alisema. "Tumepata habari ofisini kwamba hapa kuna homa ya nguruwe."

Barazani, wifi yake Jenerali aliacha kusuka. Mteja aliyekaa kati ya magoti yake, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, alisema amekumbuka kitu jikoni kwake, akaondoka hivyo hivyo. Ndani ya nyumba cherehani ilinyamaza.

Kila mfugaji anayajua maneno hayo matatu. Homa ya nguruwe haina dawa. Ikiingia bandani inakomba, na wanaosalia huuawa na kufukiwa shimo moja na wenzao, halafu banda linakaa tupu muda mrefu hata mwenye banda anasahau lilivyonuka.

"Nani kasema?" Jenerali aliuliza. Hiyo sauti yake kubwa haikutoka.

Mdogo wake alitokea mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Huyo ndiye fundi wa ile cherehani, na msusi wa barazani ndiye mkewe. "Dada, mimi sikusema homa ya nguruwe. Nilimwambia yule mtu wa suruali kwamba nguruwe wetu wana homa. Basi, nikaendelea kushona."

"Nguruwe wana homa, homa ya nguruwe," Msusi alisema. "Mume wangu, umeletewa suruali umerudisha gauni."

"Si kweli? Hawana homa? Waguseni masikio!"

"Tofauti ipo, tena kubwa," daktari alisema, "na namwomba Mungu iwe upande wenu. Lakini siwezi kuijua nikiwa nimesimama getini."

Beseni lililetwa. Alivaa mabuti yake, akayasugua nyayo kwa brashi kama mtu anayesugua sufuria ya ukweni, ndipo akamfuata Jenerali nyuma ya nyumba.

Banda lilikuwa la mbao na mabati, sakafu ya saruji yenye mteremko, na Jenerali alilifagia mara nyingi kuliko sebule. Alianza na jike mmoja baada ya kuachishwa kazi kiwandani, wakati ndugu zake walikuwa wakishauriana kwa sauti ya chini nani atamchukua. Hakuchukuliwa na mtu. Jike alizaa, watoto wakazaa, na nusu ya nyumba hii ilijengwa kwa mgongo wao. Siku nyingine zote, nguruwe wakisikia ndoo tu walipiga kelele mpaka majirani wakajua saa. Leo walilala wamelaliana kama magunia yaliyotupwa kutoka kwenye lori. Macho yaliwatoka machozi, pua zikachuruzika, matumbo yakapanda na kushuka upesi upesi. Mmoja alikohoa kikohozi kikavu, kama mbwa anayebweka mtaa wa pili, na wenzake wakamwitikia.

Daktari aliingia kati yao taratibu. Alipima joto, akageuza masikio, akainama kutazama ngozi ya tumboni kama imevilia damu.

"Walianza lini?"

"Juzi wawili. Jana wote."

"Wote kwa pamoja? Na waliokufa?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Mwanangu, angekufa mmoja ungenikuta nimelala kando yake."

Mabega ya daktari yalishuka kidogo. Alichukua vijiti vyenye pamba, akavizungusha puani mwa nguruwe mmoja mmoja, akavitia kwenye vichupa, akamchoma mmoja mmoja sindano ya kuchukua damu. Nguruwe wazima wangelivunja banda kwa tendo hilo. Hawa walimtazama tu.

Chumba cha pembeni alikuwa peke yake jike mkubwa mwenye tumbo lililokaribia kuburuzika. Alikuwa mjukuu wa yule jike wa kwanza, na aliitwa Bibi Harusi kwa sababu alichelewa kufika kwenye chakula kila siku na bado alitaka wote wampishe. Jenerali alipiga magoti kwenye majani makavu, akamwekea pua yake juu ya pua, pua kwa pua kabisa, kama alivyofanya kila asubuhi kwa kila mmoja wao. Hilo aliliita kujuliana hali.

"Umeamkaje, bibi? Kula hata kidogo basi, kwa ajili ya hao wa tumboni." Kisha akapiga chafya. Akapiga ya pili, akakohoa.

Daktari aliyekuwa anafunga kichupa aligeuka polepole.

"Mama, hayo mafua yameanza lini?"

"Haya? Haya ni mafua tu."

"Yalitangulia ya nguruwe, au yamefuata?"

Msusi, aliyebaki mlangoni kwa sababu hakuwahi kukanyaga ndani tangu alipoolewa, alianza kuhesabu kwa kucha zake ndefu za rangi ya zambarau. "Ulilala mgonjwa siku ile niliyomsuka mwalimu… wao bado walikuwa wanakula… Wifi!" Aliziba mdomo. "Wifi, umewaambukiza watoto wako!"

"Mimi?"

"Sijasema ndivyo," daktari alisema. "Maabara itasema. Lakini mafua ya watu huwaingia nguruwe, na ya nguruwe hutuingia sisi. Tunapumua karibu mno sisi na wao."

Jenerali alisimama. Wanawake wengi wangekana, na yeye alikuwa hodari wa kukana, muulize yeyote aliyewahi kugombana naye kuhusu zamu ya kufagia njia. Lakini alitazama zile pua zinazochuruzika, akafuta ya kwake kwa upindo wa kanga, na uso ukamwanguka. "Basi mimi ndiye niliyewaamkia mafua," alisema.

Walitoka nje. Daktari alieleza bila kupamba. Mpaka majibu yarudi, nguruwe asitoke, mgeni asiingie, asiuzwe wala kuchinjwa hata mmoja. Ikiwa ni ile homa inayoua, yeye mwenyewe atakuja na wenzake, na wote wanajua watakuja kufanya nini. Ikiwa ni mafua, maji safi, majani makavu, upepo usiwapige, wasisumbuliwe, na wengi watainuka wenyewe.

"Na jambo la mwisho, mama, ni lako. Usiingie bandani. Mpaka kikohozi kikuishe kabisa na mimi nije niseme sasa ingia."

"Hata nikivaa barakoa?"

"Barakoa ni ya mzima atakayewahudumia. Wewe unakohoa. Kidudu cha mafua kikitoka kwako kikaingia kwao, kikarudi kwako, kikaenda tena, kila safari kinaweza kubadilika. Siku moja kinaturudia na sura ambayo miili yetu haiijui. Hilo si la banda hili tu, ni la mtaa, ni la watoto wa shule pale. Siwezi kuweka askari mlangoni kwako. Nakuomba ahadi tu."

"Huyu yuko karibu kuzaa."

"Najua."

"Akizaa?"

"Hata akizaa, mama. Na yeyote atakayekuwa naye asimpulizie mtoto pumzi mdomoni. Nimesikia wafugaji wengi hufanya hivyo."

Jenerali alitazama pembeni, maana kwa watoto waliozaliwa wamezimia hakuamini njia nyingine, wala hakuna mtu aliyemshinda kwa hiyo. "Nimeahidi," alisema hatimaye. "Na neno langu huwa halirudi dukani."

"Nani basi atawalisha?" Fundi aliuliza, halafu akajuta, maana wote watatu walimtazama. "Mimi nikiona damu naanguka. Wanajua. Waulize."

Macho yakahamia kwa Msusi.

"Msinitazame hivyo," Msusi alisema. "Msinitazame kabisa." Akazitazama kucha zake. Akaingia ndani, na walisikia droo ikivutwa na mkasi ukilia, kipande kimoja baada ya kingine.

*

Siku za kusubiri zilikuwa mbaya kwa namna mbili. Ndani ya banda Msusi alijifunza kazi kwa kupiga mayowe. Alivaa mabuti ya mumewe, barakoa, na zile glavu anazotumia kupaka watu rangi ya nywele, na Jenerali alimwongoza kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Ndoo usiiweke mbele yake, ataipindua! Ishikilie!"

"Ananitazama, wifi!"

"Mtazame na wewe!"

"Ana macho ya watu!"

"Basi msalimie!"

Nje ya geti mtaa ulihama. Wateja wa nywele walikwenda kwingine. Jirani mwenye nguruwe wake watatu alivuka barabara akimwona Fundi, akapita akiwa ameziba pua kana kwamba jina la ugonjwa lina harufu. Mwenye ile suruali alimtuma mtu aje kuichukua kwa kijiti, kweli kabisa, akaining'iniza mbele yake mpaka kona.

Ndipo alipokuja Bwana Haraka, mchuuzi wa mifugo, na gari lake la mizigo lisilozimwa injini. Hakuombwa aingie, naye hakutaka.

"Jenerali, pole. Nimesikia. Mimi ni mtu wa kusaidia watu. Nawachukua wote leo, na yule mwenye mimba, wakiwa bado wanapumua. Uza leo au zika kesho."

Fundi alimvuta dada yake kando, akanong'ona. "Dada, bora nusu shari. Daktari akirudi na habari mbaya tunabaki na shimo."

Hilo Jenerali alilijua. Alilala nalo na kuamka nalo. Kama vichupa vile vingesema neno baya, Bibi Harusi na wote waliomo tumboni mwake wangeondoka kwa siku moja, naye hakuwa tena na umri wa kuanza na jike mmoja. Alikohoa kwenye kiwiko, akamrudia mchuuzi.

"Ukiwachukua unawapeleka wapi?"

"Hayo ni ya kwangu."

"Ni ya kwangu pia, wanakohoa mafua yangu. Unawachinja leo?"

"Wengine. Wazuri wazuri nitawapatia banda mahali, wapumzike."

"Banda la nani?"

Bwana Haraka alitabasamu. "La mtu usiyemjua."

"Mtu nisiyemjua naye ana jike wake anayemsemesha asubuhi," Jenerali alisema. "Nenda. Kabla sijakusalimia kwa pua."

Injini iliondoka. Fundi alirudi kwenye cherehani, akalizungusha gurudumu bila nguo chini ya sindano.

Majibu yalikuja kwa simu, Jenerali akiwa anaanika majani ya kulalia. Simu aliiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Mama? Si ile homa. Narudia, si ile homa. Ni mafua."

Msusi alipiga kigelegele mle mle bandani, nguruwe mmoja akashtuka akasimama, na kwa kuwa alishasimama aliamua aonje chakula. Jenerali alikaa chini juu ya majani. Alicheka, akalia, akakohoa, vyote vikagombania mlango mmoja.

"Na aliyewaambukiza?" Fundi aliiuliza simu.

"Ni aina ile ile inayosumbua watu mjini sasa hivi."

"Hongera, wifi," Msusi alisema kupitia mbao. "Hatia imethibitishwa."

"Kwa hiyo naingia?" Jenerali aliuliza.

"Bado unakohoa, mama. Nakusikia."

"Bado," Jenerali alisema. "Haya."

*

Kuanzia hapo nguruwe walirudi mmoja mmoja. Kwanza masikio yalisimama, kisha mmoja akasukuma ndoo, kisha wawili wakagombana, na Msusi aliripoti ugomvi huo kana kwamba ni harusi. Bibi Harusi ndiye aliyechelewa, kama kawaida yake. Joto lilishuka lakini alikula kwa kuchagua, na daktari alipopita kumwona alisema homa kali huweza kudhuru mimba, hivyo wasishangae wakizaliwa wachache, au wanyonge. Kikohozi cha Jenerali nacho kilipungua, kikabaki kile kimoja cha kifuani kinachokuja kikitaka.

Bibi Harusi alishikwa na uchungu mchana, mvua ikinyesha. Fundi alimpigia daktari, akamkuta yuko banda jingine mbali, naye akasema anakuja lakini wasimngoje. Msusi aliingia na vitambaa vikavu. Jenerali aligeuza ndoo nje ya mlango mdogo wa banda, upande ambao upepo ulitoka bandani kuja kwake, akaikalia. Fundi alisimama nyuma yake akimshikia mwavuli, ameupa mlango mgongo ili asione damu.

"Wa kwanza!" Msusi alipiga kelele. "Wifi, ametoka, anateleza!"

"Mfute pua. Mdomo pia. Sasa msugue kwa kitambaa, kwa nguvu, si unajua kusugua kichwa cha mtu? Hivyo hivyo."

Kilio chembamba kilipenya mbao. Jenerali alifumba macho.

"Mweke kwenye chuchu za mbele, ndizo zenye maziwa mengi."

Wa pili alilia. Wa tatu naye. Msusi aliacha kupiga mayowe, akaanza kuzungumza nao kwa sauti ile anayotumia kwa watoto wanaoogopa kitana. Jenerali aliisikia sauti hiyo, akajikuta akitabasamu peke yake mvuani, akiwa na wivu kidogo.

Wa nne alitoka bila kulia.

"Wifi, huyu hapumui."

Jenerali alikuwa amesimama kabla hajajua. "Mfute pua."

"Nimemfuta."

"Mshike miguu ya nyuma, kichwa chini, mtikise."

"Nimemtikisa. Analegea tu. Wifi, ana moyo, naugusa unapiga, ila hapumui."

"Msugue kifuani. Usiache."

"Nasugua! Nimpulizie? Nimpulizie kama wewe?"

"Usithubutu! Usiweke mdomo hapo, unasikia? Sugua."

Msusi alisugua. Waliusikia ule mkwaruzo wa kitambaa, haraka, haraka, na pumzi zake mwenyewe zikikatika. "Unapungua," alisema. "Wifi, ingia. Wewe mafua haya ulishayaugua. Ingia umpulizie mara moja tu utoke. Nani atajua?"

Fundi aliusogeza mwavuli mbele, mpaka ukafunika nafasi yote kati ya dada yake na mlango, kama anayemtengenezea njia.

Mkono wa Jenerali ulikuwa juu ya kitasa. Hatua moja tu, kisha magoti, kisha ile pua ndogo yenye ute ndani ya mdomo wake. Aliwafanyia hivyo wengi wakainuka, na mama yake Bibi Harusi alikuwa mmoja wao. Mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Kikohozi kikapanda. Alikisikia kikitoka chini kabisa kifuani, akakibana, macho yakamtoka machozi, kikamshinda, akaachia kitasa na kuugeuzia mlango mgongo. Alikohoa kwenye kiwiko mpaka kikaisha.

Alipoweza kusema, alisema bila kugeuka. "Siwezi, wifi. Endelea kumsugua."

"Wifi, nakuomba."

"Nilimwahidi yule binti. Endelea."

Mkwaruzo uliendelea. Ukapungua kasi. Ukaendelea tena. Halafu ukakoma, na wakasikia mvua tu juu ya bati, na wale watatu wakinyonya.

"Ameondoka," Msusi alisema.

"Haya," Jenerali alijibu. Akaiuma midomo yake. "Mfunike, mweke pembeni. Si kosa lako, wifi. Umesikia? Hukukosea hata kimoja."

Fundi, aliyewahi kuanguka kwa kuona sindano imemchoma mteja kidole, aligeuka akautazama mlango sawasawa. "Niingie nimsaidie?"

"Osha viatu kwanza," Jenerali alisema.

Alipokwisha kuviosha, Bibi Harusi alikoroma kwa nguvu, ubao ukagongwa, na Msusi akaita tena, sauti ikiwa bado na machozi ndani yake.

"Anakuja mwingine, wifi! Huyu ni mkubwa!"

Jenerali aliuchukua mwavuli kutoka kwa mdogo wake, akampisha apite. Kisha akaivuta ndoo hatua moja nyuma kutoka mlangoni, akaikalia.

"Pua," aliamuru, kwa sauti yake yote. "Anza na pua."